SAFARI ZA KIROHO: TUZIPIMEJE?

Somo la kujifunza nyumbani na katika vikundi

Masomo ya Biblia: Zaburi 120 hadi 134; 1 Wafalme 19; Marko 2:1-12; Luka 24:13-35; 1 Wakorintho 8



Mwaka huu maswali matatu yameletwa katika darasa letu la Biblia, na ingawa yalitoka kwa watu mbalimbali, naona kuwa ni swali moja. La kwanza latoka kwa kijana wetu aliyepata kazi katika hoteli moja ya pwani ya mashariki ya Unguja. Wageni huja hapo kwa juma zima. Asubuhi hufanya mazoezi ya yoga juu ya mikeka, na jioni huketi duara wakaimba maneno machache wakiyarudia-rudia. Wafanyakazi wameambiwa kuwa wanakaribishwa kushiriki. Kijana auliza: Je, niende?

La pili latoka kwa mama mmoja mwenye ng'ombe wawili. Auliza kama ni vema kumwuza mmoja ili apate nauli ya kwenda Namugongo, Uganda, siku ya Mashahidi.

La tatu ni zito kuliko hayo. Kuna mgonjwa wa kisukari ambaye ndugu zake wamesikia habari za mtumishi anayeombea watu katika mkoa wa mbali. Wamekusanya nauli. Lakini wameambiwa kwamba mgonjwa aache dawa kabla ya kuondoka nyumbani, ili aonyeshe imani.

Basi tujifunze pamoja, hatua kwa hatua, kisha turudi kwenye maswali haya.

1. WATU HUSAFIRI ILI KUMTAFUTA MUNGU

Hija ni safari ya kwenda mahali panapoheshimiwa kwa ajili ya ibada. Mafungo ya kiroho ni kujitenga kwa muda, pengine siku moja, pengine juma zima, ili kusali, kufunga na kunyamaza. Mambo haya mawili si mageni wala si ya watu wa dini moja tu. Waislamu majirani zetu huenda Makka. Wahindu huenda kuoga katika Mto Ganges, na huko Prayagraj hukusanyika makundi makubwa mno kila baada ya miaka 12. Hata hapa Ufipa, kabla Injili haijafika, wazee walikuwa na mahali pao pa heshima, kama vile Mlima Itweelele, unaotajwa katika habari za utemi wa kale wa Milanzi.

Wayahudi waliamriwa kwenda mbele za Bwana mara tatu kwa mwaka: wakati wa Pasaka, wakati wa Sikukuu ya Majuma, na wakati wa Sikukuu ya Vibanda (Kumbukumbu la Torati 16:16). Bwana wetu mwenyewe alipandishwa Yerusalemu akiwa na umri wa miaka 12. Zaburi 120 hadi 134, zilizo 15 kwa hesabu, huitwa nyimbo za kupanda mlima, na wengi hufahamu kuwa ziliimbwa na wasafiri hao njiani. Mwenye kuzisoma zote kwa mfululizo ataona kwamba hazisemi habari za hekalu tu. Zinataja majirani wenye ugomvi, shamba, mke na watoto mezani, usingizi, na kazi ya mwenye kujenga nyumba. Msafiri alikwenda Yerusalemu akiwa amebeba mambo ya nyumbani kwake.

Katika Afrika ya Mashariki hija kubwa ya Wakristo ni ile ya Namugongo. Kati ya mwaka 1885 na 1887, katika utawala wa Kabaka Mwanga, waliuawa Wakristo ambao Kanisa huwakumbuka kuwa ni 45: Waanglikana 23 na Wakatoliki 22. Wengi wao walichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Kila mwaka tarehe hiyo watu hukusanyika hapo, Waanglikana mahali pao na Wakatoliki mahali pao. Wengine hufika kwa miguu wakitembea siku nyingi, hata kutoka Kenya. Si vibaya kwenda. Mtu akisimama mahali ambapo vijana kama wale walikubali kufa kuliko kumkana Bwana, aweza kurudi na imani iliyotiwa nguvu.

2. KUIMBA KWA KURUDIA-RUDIA

Wengine kati yetu wadhani kuwa kurudia maneno machache katika wimbo ni jambo la kipagani, nao hutumia Mathayo 6:7, ambapo Bwana anakataza maneno mengi yasiyo na maana. Lakini tusome vizuri. Analokataza Bwana ni kudhani kuwa Mungu atasikia kwa sababu ya wingi wa maneno. Hakukataza kurudia. Yeye mwenyewe katika bustani ya Gethsemane alisali mara ya tatu kwa maneno yale yale (Mathayo 26:44). Zaburi 136 ina mistari 26, na kila mstari una kiitikio kile kile. Mwalimu wa kwaya ajua sababu yake: mwenye kuongoza husimulia habari, na watu wote, hata asiyejua kusoma, huitikia.

Uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika, ulikuwa na wimbo wake mfupi wa Kiganda, Tukutendereza. Wimbo huo uliimbwa kila mtu alipomaliza kutoa ushuhuda wake. Ulijulikana na watu wasiojua Kiganda kabisa. Tena, mapokeo ya Kanisa la Uganda yasema kuwa wale vijana watatu wa kwanza kuuawa, tarehe 31 Januari 1885, Makko Kakumba, Yusufu Lugalama na Nuwa Serwanga, walikufa wakiimba.

Huko Ufaransa katika kijiji cha Taizé, jumuiya iliyoanzishwa na Ndugu Roger tangu mwaka 1940 hukaribisha vijana kwa sala, kimya na nyimbo fupi zinazorudiwa kwa utulivu. Mikutano yao, waiitayo hija ya kuaminiana, ilifika Nairobi mwaka 2008 na Kigali mwaka 2012. Kwa hiyo tusiogope wimbo mfupi. Tuulize tu: Anayetajwa katika wimbo ni nani, na moyo wangu uko wapi ninapoimba?

3. JE, YOGA?

Neno hili ni la lugha ya kale ya Kihindi, Kisanskriti, na asili yake ni kuunganisha, kama vile nira inavyounganisha ng'ombe wawili wa plau. Hapo kale ilikuwa njia ya kuutiisha mwili na akili ili mtu aingie katika kutafakari. Mwaka 1893 Mhindi aitwaye Swami Vivekananda alisema mbele ya mkutano wa dini huko Chicago, Marekani, na tangu wakati huo mafundisho ya namna hii yaliendelea kuenea katika nchi za Magharibi. Mwaka 2014 Umoja wa Mataifa ulitangaza tarehe 21 Juni kuwa siku ya yoga duniani. Leo wengi huifanya kama mazoezi ya viungo tu, bila kufikiri habari za dini yoyote.

Nyimbo za jioni ni jambo lingine. Wahindu huziita kirtan au bhajan. Mmoja huongoza na wengine huitikia, na mara nyingi wanaotajwa ni miungu yao, kama Krishna na Rama. Wahindu wa Dar es Salaam na Nairobi huimba hivyo katika mahekalu yao, na kwao ni ibada ya kweli.

Mtume Paulo alikutana na jambo linalofanana na hili kule Korintho. Nyama sokoni ni nyama, asema, lakini kuketi katika karamu ya sanamu ni jambo lingine. Na hata nyama yenyewe, kama kuila kwangu kutamkwaza ndugu mwenye dhamiri dhaifu, ni heri niiache. Kwa kipimo hicho, kunyosha mgongo ni kunyosha mgongo. (Ingawa mtu aliyepalilia ulezi tangu alfajiri amekwisha kuinama vya kutosha, wala hahitaji mkeka.) Lakini kumwimbia mungu kwa jina lake ni kusali. Mkristo akiimba hivyo kwa burudani, hamheshimu Bwana wake, wala hamheshimu Mhindu, kwa kuwa ameifanya ibada ya mwenzake kuwa mchezo.

Basi jibu letu kwa kijana ni hili: Tandika mikeka, leta maji, wasalimie wageni kwa upole, hiyo ni kazi yako na haina lawama. Wakati wa nyimbo, omba ruhusa kwa adabu. Akikuuliza mgeni kwa nini huimbi, mweleze bila kumtukana mtu. Kisha jiulize pia jambo moja: wale wametoka mbali sana, wakalipa fedha nyingi, ili wapate kimya. Sisi tuliokipata bure hapa uwandani, twakitumiaje?

4. SAFARI ZILIZOLETA MSIBA

Sasa tufike kwenye swali la tatu. Watu wengi husema kuwa maana ya jina la mji wetu, Sumbawanga, ni "tupa uchawi". Kiu ya mwanadamu ya kutua mzigo wa ugonjwa na hofu ni ya siku zote, na si jambo la kuchekwa. Lakini tukumbuke yaliyotokea.

Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walisafiri kwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mti kwa mchungaji mstaafu wa Kilutheri, marehemu Ambilikile Mwasapile, aliyejulikana kwa jina la Babu. Kikombe kilikuwa shilingi 500 tu, na hakuna aliyeweza kusema kuwa mzee yule alitaka utajiri kwa masikini. Lakini nauli ilikuwa kubwa. Foleni ya magari ilikwenda kilomita nyingi porini, na wako wagonjwa waliokufa humo kabla ya kufika. Wako pia walioacha dawa za UKIMWI na za kisukari wakiamini kuwa wamekwisha kupona. Babu mwenyewe alifariki mwaka 2021.

Tarehe 1 Februari 2020, huko Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana katika kiwanja cha mpira, wakikimbilia kukanyaga mafuta yaliyoitwa ya upako. Na mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola, Kilifi, nchini Kenya, ilianza kufukuliwa miili ambayo hesabu yake ilipita 400. Hao walikuwa watu walioacha makwao wakahamia msituni, wakafundishwa kufunga mpaka kufa, na watoto wao pamoja nao.

Misiba hii mitatu si sawa, wala waliohusika si sawa. Lakini iko alama moja ya hatari ambayo kila mzazi aweza kuitambua: mtu anapoambiwa kuwa imani ni kuacha kile kinachomweka hai. Bwana Yesu alipowaponya wenye ukoma aliwapeleka wakajionyeshe kwa makuhani, ambao ndio waliokuwa na kazi ya kukagua ugonjwa ule (Luka 17:14). Hakuogopa kukaguliwa. Alipomfufua binti wa Yairo, aliagiza apewe chakula (Marko 5:43).

Kwa hiyo kwa ndugu za mgonjwa twasema wazi, bila kuzunguka: Dawa isiachwe. Sindano ya insulini ikikatizwa, mgonjwa anayeitegemea aweza kufa katika siku chache, wala hata basi halijamfikisha. Anayetaka kumwombea na amwombee akiwa ametumia dawa yake na amekula chakula chake. Mungu hashindwi kumponya mtu aliyemeza kidonge. Na kama mtumishi akikataa kumwombea kwa sababu hiyo, basi nauli ile irudishwe mfukoni, itumike kumpeleka hospitali.

5. MSAFARA ULIOPITA KWETU

Wengi wetu twafikiri kuwa safari takatifu ziko mbali, Yerusalemu au Uganda. Lakini iko moja iliyovuka nchi hii yetu ya Ufipa, na watoto wetu yafaa waijue.

David Livingstone alifariki mwanzoni mwa mwezi Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake waliokuwa pamoja naye, wakiongozwa na Susi na Chuma, wangeweza kumzika pale na kwenda zao. Hakuna ambaye angewalaumu. Badala yake waliuzika moyo wake chini ya mti, na Jacob Wainwright, kijana Mwafrika aliyesomeshwa na wamisionari wa Kianglikana huko Nasik, India, akasoma ibada ya maziko. Kisha waliukausha mwili juani kwa chumvi, wakaufunga kwa magome ya mti na kitambaa, wakauchukua mabegani.

Walizunguka upande wa kusini wa Ziwa Tanganyika, wakapita Ufipa, wakafika Unyanyembe karibu na Tabora, na mwezi Februari 1874 wakafika Bagamoyo. Ni mwendo wa zaidi ya kilomita 1,500, na uliwachukua karibu miezi tisa. Walikuwamo wanawake, kama vile Halima aliyekuwa mpishi. Waliugua njiani, na katika vijiji vingine walizuiwa, kwa kuwa watu waliogopa maiti. Mwili ukazikwa London tarehe 18 Aprili 1874, na Jacob Wainwright alikuwa mmoja wa waliolishika jeneza. Susi na Chuma walifika Uingereza maziko yakiwa yamekwisha.

Tena, si wote katika msafara ule waliokuwa Wakristo. Susi alibatizwa baadaye Unguja, mwaka 1886, akaitwa Daudi.

Watu hawa hawakwenda kutafuta baraka yao wenyewe. Hawakuambiwa kuwa watapona, wala kuwa watatajirika. Walimbeba mwenzao kumrudisha kwao. Sisi Wafipa twaijua kazi hiyo, kwa maana hata leo viko vijiji ambako mgonjwa hutolewa kwa machela mpaka barabarani, na wanaume hupokezana mabegani. Ndiyo kazi waliyoifanya wale watu wanne wa Marko 2, waliotoboa dari ili mwenzao ashushwe mbele ya Yesu. Biblia yasema Yesu aliiona imani yao, wale waliobeba.

6. VIPIMO VITATU

Kutokana na haya yote twapata vipimo vitatu vya safari yoyote ya kiroho, iwe hija, mafungo au mkutano wa maombi.

Kwanza: Nani anatajwa huko? Kama ni Kristo aliyesulibiwa na kufufuka, vema. Kama jina linalotajwa zaidi ni la mtumishi, picha yake, maji yake na mafuta yake, jihadhari.

Pili: Umemwacha nani nyuma, na katika hali gani? Hapa ndipo lilipo jibu la mama mwenye ng'ombe wawili. Kama ng'ombe yule ndiye ada ya shule ya mtoto au maziwa ya mjukuu, Mashahidi wa Uganda hawatakasirika asipokwenda. Awakumbuke tarehe 3 Juni hapa kanisani. Kama anacho cha kutosha, na nyumba yake haitalala njaa, na aende kwa furaha, tena achukue majina ya wagonjwa wetu ili awaombee kule.

Tatu: Umerudi na nini kwa ajili ya mwenzako? Eliya alitembea siku 40 mpaka Horebu, na baada ya sauti ile ya utulivu Mungu alimrudisha alikotoka, akampa kazi tatu za kufanya. Wale wawili wa Emau walipomtambua Bwana katika kuumega mkate waliondoka saa ile ile, usiku, wakarudi Yerusalemu kuwaambia wenzao. Mtu akirudi kutoka hija akawadharau waliobaki, safari ile ameipoteza.

7. MAFUNGO YA SIKU MOJA HAPA NYUMBANI

Kila kikundi chaweza kufanya mafungo yafuatayo bila kuchanga nauli. Wakati mzuri ni mwezi Juni au Julai, mavuno yakiwa yamepungua shughuli na njia zikiwa kavu. Baridi ni kali, basi kila mtu avae vizuri.

Saa 12 asubuhi: Kukutana kanisani. Sala fupi. Kila mmoja alete kitu kidogo cha kubeba: unga, maharage, kuni au sabuni.

Saa 1: Kuanza kutembea kuelekea nyumba ya mgonjwa au mjane aishiye mbali na kanisa, ambaye amekwisha kuarifiwa na kukubali. Njiani simameni mara 15. Kila kituo isomwe zaburi moja, kuanzia ya 120, na kiimbwe kiitikio kifupi ambacho kwaya imekifundisha kabla. Kati ya kituo na kituo ni kimya; simu zizimwe.

Saa 5: Kufika. Kazi za mikono kwanza: kuteka maji, kupasua kuni, kuziba paa. Baadaye sala pamoja na mwenye nyumba, na kama Kasisi yupo, Ushirika Mtakatifu.

Saa 8: Chakula pamoja, kisha kurudi. Wakati wa kurudi watu wazungumze wawili wawili, kama wale wa Emau.

Wenye kutumia dawa, wajawazito na wazee wasifunge chakula. Asiyeweza kutembea abaki kanisani akiwasomea watoto zaburi hizo hizo.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Taja jambo moja la nyumbani linalotajwa katika Zaburi 127 au 128. Kwa nini msafiri wa kwenda hekaluni aliimbe?

2. Je, katika parishi yetu yuko mgonjwa aliyeshauriwa kuacha dawa kwa ajili ya maombi? Nani atakwenda kumwona juma hili, na lini?

3. Kati ya wale wanne wa Marko 2 na yule aliyebebwa, wewe leo uko mahali pa nani?

4. Kikundi chenu kitaanza mafungo yake kwa nyumba ya nani? Andikeni jina, mkampe Katibu wa parishi kabla ya Jumapili ya pili ya mwezi.

Mungu awabariki katika kujifunza kwenu.